Jina la Kiumbe: Mchezo wa Pokémon katika Nyumba Moja ya Singe

Wahakiki wetu wamezoea kushughulika na riwaya, tamthiliya, mashairi na ngano. Mchezo wa watoto, hasa uliotoka ng'ambo, huachiwa wazazi waulalamikie na walimu waupige marufuku shuleni. Nadhani huu ni upungufu. Vitendawili ni mchezo, na hakuna mwalimu wa fasihi anayeviondoa katika somo lake kwa sababu wachezaji hucheka. Bao ni mchezo, na wataalamu wamekwisha kuandika vitabu juu yake. Ikiwa mchezo una visa, una wahusika, una kanuni zinazomlazimisha mtu kuhusiana na mwenziwe kwa namna fulani, basi una fani na una maudhui, na ni haki yetu kuuliza fani hiyo imefumwaje na maudhui hayo yanamfaa nani.

Mchezo nitakaouzungumzia ni ule wa Kijapani uitwao Pokémon. Ulitolewa Japani tarehe 27 Februari, 1996, uchezwe katika Game Boy, mashine ndogo ya mkononi ambayo kampuni ya Nintendo ilianza kuiuza mwaka 1989. Mtunzi wake, Satoshi Tajiri, alikulia pembezoni mwa jiji la Tokyo akikamata wadudu mashambani na vijitoni. Jiji lilipopanuka mashamba yakageuka majumba na barabara, wadudu wakatoweka. Naye alipokuwa mtu mzima akataka kuwapa watoto wa mjini, ndani ya kioo kisichozidi kiganja, ile furaha ya kuinua jiwe na kukuta kiumbe chini yake. Mchezaji ni kijana anayeaga kwao, akapewa kiumbe wa kwanza na mzee mmoja msomi, kisha akazunguka nchi akikamata viumbe wengine, akiwafuga, akiwashindanisha na wa watu wengine, na kumwandika kila mmoja katika daftari maalumu. Katika mchezo ule wa kwanza viumbe walikuwa 151. Kufikia mwaka 2022 walikuwa wamezidi 1,000, lakini mimi nitabaki na wale wa mwanzo, kwa kuwa ndio niliowaona.

Nimewaona Singe, mojawapo ya kata za Mji wa Babati. Msomaji asiyeijua Babati akumbuke kwamba huko hukutana lugha za asili mbalimbali kuliko sehemu nyingi za nchi yetu: Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni za Kikushi, Kirangi na Kimbugwe, ambazo ni za Kibantu, na Kibarbaig, ambayo ni ya Kinailoti. Nyumba ninayoizungumzia si ya ajabu katika mazingira hayo. Bibi ni Mgorowa. Mama wa watoto ni Mrangi. Baba husema na mama yake Kigorowa, na wote wakikaa barazani husema Kiswahili. Watoto ni wawili: msichana aliye kidato cha pili, na mdogo wake wa kiume aliye darasa la pili. Mjomba wao aliwaletea kutoka Arusha mashine kuukuu ya kijivu, ya lile toleo la kwanza, na kaseti moja nyekundu. Mashine hiyo hutumia betri nne ndogo za saa ya ukutani, na kioo chake hakitoi mwanga wowote. Kwa hiyo haichezwi kitandani gizani, kama zichezwavyo simu siku hizi, bali huchezwa barazani mchana, mahali penye mwanga na penye watu. Sitaki kudai kwamba upungufu wa kioo ni hekima ya mtengenezaji. Lakini ni kweli kwamba ulikifanya chombo cha mtu mmoja kiwe cha baraza nzima.

Kanuni nyingine ya mchezo ilisaidia. Kaseti ile huhifadhi safari moja tu. Hakuna nafasi ya msichana kuwa na safari yake na mdogo wake kuwa na yake. Anayeanza upya na kuihifadhi safari yake mpya huifuta ya zamani. Katika nyumba tajiri shida hii huondolewa kwa kununua kaseti ya pili. Singe haikuondolewa. Msichana alishika mashine, mdogo wake akakaa ubavuni pake, na kila njia panda ikawa shauri: tupite pangoni au tuzunguke? Tumkamate huyu panya, au tungoje ndege? Bibi, ambaye macho yake hayaoni tena vitu vidogo, alikuwa akichambua maharage na kuuliza, "Sasa mmefika wapi?" Swali hilo nalitaja kwa makusudi, maana ndipo uhakiki wangu unapoanzia.

Ili kumjibu bibi, msichana alilazimika kusimulia. Maneno yote ya mchezo yalikuwa ya Kiingereza. Mchezo huu umetolewa kwa Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kihispania, Kikorea na Kichina. Kwa Kiswahili haujatolewa. Basi msichana alisoma moyoni na kusema kwa sauti, akikata yaliyozidi na kuongeza yaliyopungua, na maelezo makavu ya mashine yakageuka hadithi. Nimesoma maandishi ya mchezo huo mwenyewe, na sina budi kusema kwamba ni hafifu. Wahusika husema sentensi mbili kisha hunyamaza. Mpinzani wa kijana hana tabia nyingine ila majivuno. Majambazi wanaoiba viumbe ni waovu kwa sababu tu wamevaa sare ya uovu. Msimulizi wa ngano za Sungura na Fisi angeona haya kumwachia Fisi sababu ndogo kama hiyo. Utamu niliousikia barazani ulitoka kinywani mwa mfasiri wa kidato cha pili.

Penye sifa tusiwe wachoyo. Mchezo huu umebuniwa ili usimalizike kwa mtu mmoja, na hiyo ni fani ya hali ya juu. Ulitolewa kwa kaseti mbili zinazofanana isipokuwa kwamba viumbe 11 wa kaseti moja hawapatikani katika nyingine, na kinyume chake. Hapo mwanzo mchezaji huchagua mmoja kati ya viumbe watatu, wa majani, wa moto na wa maji, na wale wawili anaowaacha hatawapata tena ila kwa mtu mwingine. Kubadilishana hufanywa kwa waya unaounganisha mashine mbili, na wenye mashine hukaa wakitazamana. Wako hata viumbe wanne ambao hawafikii ukubwa wao wa mwisho mpaka wavuke kwenda kwa mwenzio. Umfuge umfugavyo, akibaki kwako hatakua kamili. Na yule anayetoka mkononi mwa mtu hukua upesi zaidi kuliko wa nyumbani, huendelea kuandikwa jina la mwenyewe wa asili, hawezi kubadilishwa jina, na mfugaji wake mpya asipokuwa na heshima ya kutosha humkaidi.

Wakazi wa Babati hawahitaji kufundishwa jambo hili na Wajapani. Kumpa jirani au rafiki ng'ombe amtunze, akamkamue, azae huko, naye abaki kuwa ng'ombe wa fulani, ni desturi ya zamani kwa wafugaji wa sehemu hizo. Mifugo iliyotawanywa kwa marafiki haikuisha yote kwa ugonjwa mmoja au kwa ukame mmoja, na marafiki nao hawakuisha. Baba wa watoto alipoelezwa kanuni ya waya alisema mara moja, "Kumbe ni ng'ombe wa kutunziwa." Hakuna mwalimu ambaye angeeleza vizuri zaidi. Tangu siku hiyo msichana aliacha kutumia neno la Kiingereza la mtu anayewafundisha viumbe mazoezi, akamwita mfugaji. Tafsiri hiyo ni bora kuliko neno lenyewe, kwa sababu imebainisha kile ambacho mchezo unakisisitiza: kazi kubwa si kukamata, bali kulea.

Tuitazame sasa hoja ya wale wanaosema kwamba mchezo huu unafundisha ujangili. Hoja hiyo si ya kupuuzwa katika mkoa wenye Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970, na katika nchi ambayo tangu Azimio la Arusha la wanyamapori la Septemba 1961 imejitangaza kuwa mdhamini wa wanyama kwa niaba ya vizazi vijavyo. Mtoto anazunguka porini akirusha mipira ya kunasia wanyama. Je, tunamfundisha nini? Naona hoja hiyo inapungua nguvu tukiutazama mchezo wenyewe. Viumbe wanaopigana hawafi, huzirai, wakapelekwa hospitali wakatibiwa bure. Anayewauza au kuwaiba ndiye mhalifu wa kisa.

Tena umo ndani ya mchezo huo mbuga yenye uzio iitwayo kwa neno letu, safari. Ndilo neno la Kiswahili lililowarukia watoto machoni mara moja, nalo limefika Japani kupitia kwa Waingereza likiwa limekwisha kupunguzwa maana. Kwetu safari ni ya mtu yeyote anayetoka hapa kwenda pale, awe anakwenda msibani au sokoni. Kule imebaki kuwa ya mgeni anayelipa ili aone wanyama. Getini mchezaji hutoa 500, akapewa mipira 30, na baada ya hatua 500 hutolewa nje. Ndani hakuna mapigano, kuna chambo na mawe tu. Mkuu wa mbuga hiyo amepoteza meno yake ya dhahabu humo humo mbugani, na mpaka aletewe meno yake hakuna anayeelewa asemalo. Bibi alicheka sana aliposimuliwa habari za mkuu huyo, akataka arudiwe. Mimi niliona zaidi ya kichekesho. Mlinzi wa wanyama ambaye maneno yake hayaeleweki kwa wanaomsikiliza ni mhusika ambaye mtunzi yeyote wa Tanzania angeweza kumwandikia tamthiliya.

Hoja ya biashara ni nzito zaidi. Kaseti mbili zinazokamilishana ni fani nzuri, na pia ni njia nzuri ya kuuza kaseti mbili. Kiumbe wa 151 hakuweza kupatikana kwa njia za kawaida za mchezo. Aligawiwa na kampuni yenyewe, kwa wakati wake na mahali pake. Hilo ni sawa na mtu kukutegea kitendawili kisha akakuambia jibu linauzwa dukani. Katika vitendawili vyetu aliyeshindwa husema, "Nimeshindwa," mtegaji akadai, "Nipe mji," naye akapewa Dodoma au Tanga au Mwanza, akatamba huko kidogo kisha akafichua jibu. Huko nako ni kukusanya: mtoto hodari huenda kulala akimiliki miji kumi. Lakini miji hiyo haina duka, na kesho yake jioni wote huanza sawa. Ningependa mwalimu anayesoma makala haya awatake wanafunzi wake walinganishe michezo hii miwili, na asiogope wakiusifu ule wa kigeni mahali unapostahili. Mwalimu Nyerere, alipotangaza Desemba 1962 kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alionya katika hotuba ile ile kwamba kuufufua utamaduni wetu si kuzikataa tamaduni za wengine.

Nirudi barazani, kwenye jambo la majina. Kila kiumbe akamatwapo mashine huuliza kama mchezaji angependa kumpa jina lake, na huruhusu herufi kumi. Wafasiri wa lugha nyingine walilishughulikia jambo hili kwa heshima kubwa. Kiumbe yule wa majani, mwenye kitunguu cha mmea mgongoni, kwa Kijapani huitwa Fushigidane, jina linalounganisha ajabu na mbegu. Wamarekani wakamwita Bulbasaur, Wafaransa Bulbizarre, Wajerumani Bisasam, kila mmoja akichezea maneno ya kwao ili mtoto acheke kwa lugha ya mama yake. Hakuna aliyetufanyia hivyo. Basi msichana alimweleza bibi: ana miguu minne, bibi, kama chura mkubwa, na mgongoni amebeba mbegu, naye anavyokua na mbegu inachipuka. Bibi akafikiri kidogo akasema, "Si ni Mbebambegu huyo?" Msichana akahesabu kwa vidole. Herufi zilikuwa kumi kamili.

Kuanzia hapo kazi ya bibi ikawa hiyo. Yule mkubwa anayelala usingizi katikati ya barabara mpaka aamshwe kwa filimbi akaitwa Kiboko, kwa sababu Ziwa Babati lina viboko, na bibi alisema anawajua tabia. Popo akapewa jina la Kigorowa ambalo watoto walikuwa hawajalisikia, wakalitamka vibaya wakasahihishwa. Kuna samaki mmoja mwekundu ambaye mtu laghai huwauzia wasafiri kwa 500, na samaki huyo hajui lolote ila kutapatapa. Msichana alipokiri kwamba amemnunua, bibi alisema, "Hilo jina lake: Bure." Bure alibebwa huku na huko kwa wiki kadhaa kama mzigo. Alipofika daraja la 20 akageuka joka kubwa la majini lenye kutisha, na kwa kuwa mchezo huhifadhi jina lililotolewa hata kiumbe akigeuka, lile joka likaendelea kuitwa Bure. Sijui kama mtunzi aliyekaa Tokyo alikusudia kejeli ya namna hiyo. Ninalojua ni kwamba kejeli hiyo haimo katika kaseti. Ilitokana na neno moja la mzee aliyekuwa akichambua maharage.

Msichana aliyaandika majina hayo katika daftari la mistari: namba, jina la kwenye mashine, jina la bibi, na mahali alipokamatwa. Walikuwa wamefikia 87.

Yaliyofuata yalitokea mchana mmoja ambapo msichana alikuwa bado shuleni. Mdogo wake alikuwa na kinyongo cha siku nyingi: tangu mwanzo yeye alitaka yule wa maji, kobe mdogo, na dada yake akachagua wa majani. Alijua kwamba kobe hapatikani tena katika safari ile. Aliwasha mashine, akashuka mstari wa pili badala ya ule wa kwanza, na kweli mzee msomi akatokea, na viumbe watatu wakapangwa mezani. Akamchukua kobe wake. Alipotaka kumhifadhi ili akamwonyeshe dada yake, mashine ilimwuliza kwa Kiingereza kama safari ya zamani ifutwe. Mtoto wa darasa la pili anayesoma kwa Kiswahili angejuaje kwamba hilo lilikuwa swali? Alibonyeza kile kitufe ambacho siku zote alimwona dada yake akikibonyeza ili maneno yapite. Mbebambegu, Kiboko, Bure na wote 87 wakatoweka.

Nimekwisha kusikia wazazi wakisema kwamba vitu hivi havina hasara ya kweli, kwa sababu havipo. Sikubaliani nao. Msichana alilia kama aliyepotelewa na mifugo, na mvulana alijificha nyuma ya banda mpaka jioni. Kilichowapata ni hasara ya kazi ya mikono na ya vinywa vya watu watatu kwa miezi minne, nayo ililetwa na sentensi moja ambayo mmoja wa wachezaji hakuweza kuisoma. Tunapojadili kama michezo, vitabu na vyombo vifasiriwe kwa Kiswahili, mara nyingi tunaizungumza heshima ya taifa. Heshima hiyo ni kweli. Lakini hapa lilikuwa jambo dogo na la karibu zaidi: swali la ndiyo au hapana, liulizwe kwa lugha ambayo anayejibu anaijua. Maneno yote ya mchezo ule hayazidi ya riwaya ya kawaida. Wanafunzi wa kidato cha sita, wakisimamiwa na mwalimu mwenye subira, wangeweza kuyafasiri katika likizo moja, na majina 151 wangeyaomba kwa bibi zao.

Jioni ile bibi hakumtetea mvulana wala hakumgombeza. Alitaka daftari lisomwe. Msichana akasoma kuanzia namba ya kwanza, akikwama kwa kwikwi, na kila jina bibi akaeleza tena kwa nini alilitoa. Lile la popo akawarudisha walitamke upya. Ilikuwa saa mbili usiku walipofika 87, na mama alikuwa amekwisha kupakua ugali mara mbili. Ndipo mvulana akauliza, kwa sauti ndogo, kama kobe naye anaweza kupewa jina. Bibi alisema safari hii mwenye kobe ampe mwenyewe. Akafikiri. Dada yake akamkumbusha kwamba herufi zisizidi kumi.

Msichana alifungua ukurasa mpya, akaandika namba 88, na mbele yake: Samahani. Nilipopita Singe mara ya mwisho kobe yule alikuwa amekwisha kukua kabisa, ana mizinga miwili mgongoni, na jina lake ni lile lile.